Mahema Mawili, Baridi ya Julai na Mama Mkwe

Tangu nirudi kazini hakuna anayenisalimia vizuri. Kila anayepita mezani kwangu anasema, "Sasa, mkwe? Mlilalaje?" halafu anacheka mpaka uzi unamponyoka. Haya basi. Mmeuliza, nami nitajibu mara moja tu, kwa maandishi, nisije nikarudia hadithi kwa kila anayekuja kuazima mkasi. Mkimaliza kusoma mniache nishone.

Kwa faida ya yule mgeni wa cherehani ya dirishani, ambaye bado hanijui: mimi ni fundi wa mahema na maturubai hapa kwa Bwana Kartar, mwaka wa kumi na moja sasa. Naishi Mutuini, pembeni mwa Nairobi, chumba kimoja, na mke wangu Nafula, binti yetu Nekesa, na kichanga aliyezaliwa mwezi uliopita. Mimi na Nafula tunatoka Bungoma. Na kwetu, bwana, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hampeani mkono. Hamli mezani pamoja. Hamtazamani usoni. Na zaidi ya yote, hamlali chini ya paa moja. Si chuki, wala si ugomvi. Ni heshima, na anayeivunja husemwa mpaka kaburini. Miaka tisa nimemwoa Nafula, na mama yake nilikuwa namjua kwa sauti, kwa leso yake na kwa nyayo zake.

Mama alikuja kwetu Nafula alipojifungua, nami nikahamia kulala kwa jirani. Jicho lake la kulia lilikufa zamani, na la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Alimbeba mjukuu wiki tatu bila kumwona. Alikuwa akimpapasa pua na masikio, kisha anauliza, "Amefanana na nani?" na Nafula anageuka ukutani ili asilie. Ndipo tukapata nafasi kwa daktari wa macho, katika ile hospitali kubwa ya Upper Hill. Daktari huyo alikuwa mgeni wa wiki chache tu, na siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Akatuambia mambo mawili: tufike saa moja asubuhi, na mama asiwe na kikohozi. Anayekohoa hapasuliwi jicho, kwa sababu akikohoa wakati wa kisu, jicho limekwenda. Tukikosa Ijumaa hiyo, hakuna aliyejua ni lini daktari mwingine angekuja. Basi Jumatatu ya wiki hiyo hiyo matatu zikagoma.

Mutuini, na kamba ya mita tatu

Jumanne tulijaribu kutembea kidogo ili kupima. Mahali ambapo mimi huenda kwa nusu saa, mama alitumia asubuhi nzima, maana kila lori likipita anasimama kabisa mpaka kelele ziishe. Teksi wiki hiyo zilitaka bei ya ng'ombe. Nikaona njia ni moja: tuondoke Jumatano, tulale njiani usiku mara mbili, tufike Ijumaa alfajiri. Kulala wapi? Lojing'i, nyumba ya wageni, mama alikataa hata kusikia. "Chumba chake na changu, paa ni moja," alisema. Bwana Kartar, Mungu ambariki, akaniazima mahema mawili. Moja lilikuwa kuukuu, lenye viraka, lile tunalofunikia mbao. Jingine lilikuwa jipya, turubai nzito ya kijani, nimemaliza kulishona Jumamosi kwa mikono yangu. Jipya nikasema ni la mama. Wewe ungempa mkweo viraka?

Nilifunga mahema na mablanketi kwenye baiskeli, nikaisukuma kwa miguu. Nyuma ya karia, pale pa kubebea mizigo, nikafunga kamba ya hema ya mita tatu, na ncha yake mama akaishika. Mkono wake nisingeweza kuushika, na Nafula hangeweza kuacha kichanga kwenye baridi ile. Kamba ndiyo iliyobaki.

"Mwambieni mkwe asiende mbio," mama akasema tulipotoka kwenye ua.

Hapakuwa na mtu wa kuniambia. Kwa kawaida kuna mtoto au jirani wa kupitisha maneno kati yetu. Sasa tulikuwa wawili tu na ua wa miiba ya mikayaba. Nikafikiri kidogo, nikaiambia ile mikayaba, "Mwambieni mama nimesikia." Ndivyo tulivyozungumza siku mbili nzima, mimi na yeye, kupitia watu ambao hawakuwapo.

Julai mnaijua. Jua halikutoka, ukungu ulikuwa umelalia migomba, na udongo mwekundu wa Mutuini ulishika viatu mpaka kila mguu ukawa mzito. Barabarani watu walikuwa wengi, wote wanakwenda kazini kwa miguu, wamenyamaza, mikono mfukoni. Tulifika soko la Dagoretti saa nne. Pale mchinjaji mmoja mwenye koti jeupe lililochafuka damu akatoka dukani na kisu mkononi.

"Wee! Umefunga mama yako na baiskeli kama mbuzi?"

Watu wakasimama. Nairobi watu hawana haraka kiasi cha kukosa kesi. Nikaeleza: huyu ni mama mkwe, haoni, naye haruhusiwi kuguswa na mimi.

"Si umshike mkono tu!" mchinjaji akasema. "Kwani yeye ni waya wa stima?"

Wakacheka. Mwanamke mmoja akasema hizi ni mila za zamani, mwingine akasema afadhali mwite askari. Mimi mnanijua, hasira yangu iko karibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo mama aliponyanyua ncha ya kamba juu, kila mtu akaiona.

"Kamba nimeishika mimi," akawaambia. "Hajanifunga mtu. Nikitaka, naiacha." Akaiacha ikaanguka chini. Kisha akainama, akaipapasa mpaka akaipata, akaishika tena.

Kesi ikaisha hapo. Mchinjaji aliona haya, akatuletea supu ya kichwa katika vikombe vya bati, na mama akapewa kigoda ndani. Mimi nilikunywa yangu nje, nimeupa ukuta mgongo. Supu ile ilikuwa na pilipili ya kutosha kuamsha wafu.

Msituni, na wageni wawili waliotetemeka

Kwenye msitu wa Ngong Road kuna uwanja wa watu kupiga kambi. Wengi wetu hatujui kwamba upo, maana nani kati yetu hutoka nyumbani kwake kwa hiari akalale chini ya miti? Tulifika saa kumi. Mlinzi alikuwa mzee Mkamba, Mutiso, mpole, mwenye koti la mvua lililofika kwenye vifundo. Aliyatazama mahema yetu na kuuliza kwa nini mtu na mama yake wanahitaji mawili. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Basi la mama liwe hapa karibu na moto," akasema, "na wewe nenda kule kwa wazungu."

Wazungu walikuwa wawili, mume na mke, vijana. Walikuwa wamekuja na kihema cha nailoni chepesi, kama chandarua, kwa kuwa waliambiwa Afrika ni joto. Wamevaa soksi mikononi. Watu wanaotoka nchi ya barafu, jamani, walitetemeka kuliko sisi! Nilishindwa kujizuia, nikazunguka kihema chao nikakagua mishono, nikavuta kamba zao zilizolegea, nikapigilia vigingi upya. Yule mume alinifuata nyuma akisema asante kila kigingi.

Mama alipika uji kwa Mutiso, akakaa akiukoroga kwa kusikiliza tu. Anajua uji umeiva kwa mlio wake. Akasema, "Mwambieni mkwe awapelekee wale wageni, nasikia meno yao hapa." Nikawapelekea. Wakanywa, wakaniuliza kwa vidole kama yule ni mama yangu. Nikasema ndiyo, maana maelezo ya mkwe kwa vidole yangetufikisha asubuhi.

Usiku ulikuwa mkavu na baridi kali. Shida ilikuwa moja tu. Kuna mnyama mdogo wa mitini aitwaye perere, hazidi sungura, lakini kilio chake ni cha mtu anayenyongwa. Kilipoanza, wale wageni walitoka mbio na tochi, mke akipiga kelele kwamba mtu anauawa. Mutiso aliwaonyesha juu mitini, wakaona macho mawili tu. Kutoka hema la kijani nikasikia mama akicheka peke yake. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo, na nililala na moyo mwepesi.

Asubuhi ya Alhamisi hema jipya lilikuwa na umande kwa nje, ndani kavu kabisa. Nikajipongeza. Mama akauambia mti kwamba amelala vizuri na kifua chake ni safi. Tukala nduma alizotuchemshia Nafula, zilizopoa, kila mtu upande wake wa baiskeli.

Kuzunguka kwa Muthangari

Mutiso alituonya: mbele, kwenye barabara kubwa, watu walikuwa wameweka mawe na kuchoma matairi. Tuzunguke kupitia Kawangware, tutokee Lavington, tupite Muthangari, halafu tuteremke. Kwa maneno njia ilikuwa fupi.

Kawangware tulipita salama, tukala mandazi. Lakini kule mbele, kwenye nyumba za wenye nazo, nilipotea. Ndiyo, nilipotea, chekeni. Kila ua ni mrefu, kila lango lina kibao cha mbwa mkali, na hakuna mtu barabarani wa kuuliza. Tulitembea, tukapinda, tukatembea. Manyunyu yakaanza.

"Mwambieni mkwe hapa tumeshapita," mama akasema.

"Mwambieni mama hatujapita, mimi nina macho."

Akainua pua hewani. "Mwambieni mwenye macho kwamba huu mti wenye maua yanayonuka sabuni tumeupita mara mbili. Na yule mbwa anayebweka kwa mafua, huyu ni yule yule."

Nikatazama. Kweli, mbele yangu palikuwa na alama ya tairi la baiskeli yangu kwenye matope. Tulikuwa tumezunguka nyumba zile zile saa nzima, na mimi nikimwongoza kipofu. Haya niliyoona siku ile, hata sasa masikio yananiwaka.

Hapo ndipo lango moja lilipofunguka, akatoka mama wa Kihindi, mnene kidogo, shali kichwani, amebeba sufuria ya maziwa. Akatutazama kuanzia baiskeli mpaka kwenye kamba, kutoka kamba mpaka kwa mama.

"Kwa nini wewe nafunga mama na kamba? Hapana ona haya? Mvua hii!"

Kabla sijajibu alishamshika mama mkono na kumwingiza barazani. Alijiita Mama Sunita. Akaleta chai ya tangawizi, chapati za moto na dengu, akapanga sahani mbili juu ya meza moja, akavuta viti viwili vinavyotazamana. "Kaa, kula," akaniambia.

Nikabaki nimesimama kwenye ngazi. Mama naye hakugusa chapati, aligeuza kiti akaipa meza mgongo. Mama Sunita akatutazama, uso ukabadilika.

"Chakula yetu mbaya?" akauliza polepole. "Nyinyi hapana taka kula kwa Muhindi?"

Ile sauti iliniumiza. Ni sauti ya mtu aliyewahi kukataliwa. Nikamwambia hapana, mama, chakula kinanukia mpaka tumbo linalia, lakini huyu amezaa mke wangu, na sisi wawili hatuwezi kula tukionana. Nilitegemea anicheke kama wale wa Dagoretti. Badala yake aliweka sufuria chini.

"Basi sema hivyo!" akasema. Kisha akaivuta shali yake mpaka kidevuni, uso wote ukapotea. "Mimi, baba ya bwana yangu iko nyumba hii, miaka kumi na mbili. Yeye hapana ona uso yangu hata siku moja. Yeye nakuja, mimi nafanya hivi. Namwagia chai kwa kukisia." Akaifunua shali, anacheka. "Siku moja mimi namwagia yeye mguu."

Akaingia ndani, akarudi na shuka kubwa ya maua. Akaitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya baraza, akaibana kwa vibanio. Sahani moja upande huu, moja upande ule. Tukala, mimi na mama mkwe wangu, meza moja na shuka katikati, na nilisikia jinsi alivyokuwa akitafuna chapati kwa furaha. Wao wawili walizungumza mpaka mvua ikakatika, juu ya wakwe na macho na wajukuu. Tulipoondoka Mama Sunita alikataa tumshukuru. Alitusindikiza hadi kwenye njia ya kuteremka, akanionyesha kwa kidole kama mtoto: "Chini, chini, hapana pinda!"

Bustanini, chini ya kilima

Jioni tulifika kwenye bustani kubwa iliyo chini ya Upper Hill. Siku za kawaida haruhusiwi mtu kulala pale. Wiki ile ya mgomo, wengi waliokwama mjini walikuwa wanajikunyata kwenye viti na chini ya miti, na walinzi waliwaacha. Lakini hema ni jambo jingine.

"Aa-aa! Hema hapana!" akaja mlinzi na rungu. "Mnataka kujenga hapa?"

Nikamwambia ni mama mkwe, kesho anapasuliwa jicho pale juu. Kusikia mkwe, akashusha rungu. Kumbe ni Mmaragoli, watu wenye mila kama zetu, jina lake Kidiga. Akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, kwa nini husemi mapema? Hili si jambo la ruhusa, hili ni jambo la adabu." Akapima kwa hatua zake mwenyewe, akihesabu kwa sauti: arobaini kutoka hema la mama mpaka langu, na kati akaweka mti. Akaenda kulala akiwa ameridhika na kazi yake? Hapana, akaenda zamu yake, lakini alipita kila mara kuhakikisha mahema hayajasogea.

Mvua kubwa ilianza saa mbili. Na hapa naomba msinicheke, maana nyote ni mafundi na mmeshajua.

Turubai mpya lazima iloweshwe na kukaushwa, mara mbili ikiwezekana, kabla mtu hajalala ndani yake. Uzi unywe maji, uvimbe, uzibe matundu ya sindano. Kabla ya hapo kila mshono ni chujio. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni. Lakini ilipofika siku ya kumpa mama mkwe hema, kichwa cha fundi kilikaa kimya na kichwa cha mkwe kikaamua: mpe lililo jipya, umheshimu. Nikajilaza pakavu kwenye viraka vyangu, nikampa mama heshima inayovuja.

Nilimsikia akiita. Nikakimbia na tochi, nikasimama nje ya hema lake. "Mwambieni mkwe maji yananidondokea pande zote," akasema, na meno yake yalikuwa yanagongana. Niliwaza kikohozi tu. Niliwaza mlango wa daktari ukifungwa, na mama akirudi Bungoma akiwa amempapasa mjukuu tu, gizani, mpaka afe. Na mimi ndiye niliyemlowesha, kwa mishono yangu mwenyewe.

Nikampeleka kwa kamba mpaka hema kuukuu, nikampa blanketi langu kavu. Alipoingia nikafunga mlango, nikarudi nyuma hatua tano, nikajikunja chini ya mti na gunia kichwani, maana hema la kijani sasa lilikuwa dimbwi. Mvua ilikuwa ya mawe sasa. Kidiga hakuonekana. Nikakaa pale, sijui muda gani, mpaka sikuhisi vidole.

"Wewe," sauti ikasema.

Sikudhani ananiambia mimi.

"Wewe, baba Nekesa. Uko wapi?"

"Niko hapa, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu moja kwa moja.

"Hapo wapi?"

"Kwenye mti."

"Na kesho nani atanipandisha kilima, huo mti? Ingia."

Nikamwambia haiwezekani. Paa moja, mama. Nikasikia anapapasa turubai kwa kiganja, juu, kando, mpaka chini kwenye vigingi.

"Nimezaa watoto wanane," akasema. "Nyumba naijua. Nyumba ina nguzo ya kati, ina moto, na siku ya kufa unazikwa mbele yake. Kitu kinachokunjwa kikafungwa kwenye baiskeli si nyumba. Hili ni koti kubwa. Ingia ndani ya koti, mwanangu, kabla sijatoka nikakufuata."

Niliingia. Nilikaa mlangoni, mgongo kwake, miguu imekunjwa, uso kwenye mvua. Uso wake ulikuwa upande wa ndani, na kati yetu tukaweka mfuko wa unga. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliwaza wazee wa kwetu watasema nini.

"Wazee niachie mimi," akasema, kana kwamba nilikuwa nimenena. "Nitawaambia mimi ndiye niliyeamuru."

Tukazungumza kidogo. Aliniambia anaogopa kisu. Aliniambia kwamba jicho la kwanza lilipokufa hakumwambia mtu mwaka mzima, kwa kuwa alikuwa na shamba la kupalilia na hakutaka kuonewa huruma. "Nikiona tena," akasema, "nataka nimwone yule mtoto kabla hajajua kunikimbia." Nikamwomba msamaha kwa hema. Akasema mishono ilikuwa mizuri, aliipapasa, ila maji hayajui kusoma. Kisha akalala, na mimi nikasikiliza pumzi yake mpaka kulipokucha, nikingoja kikohozi.

Kupanda kilima

Hakikuja. Alfajiri mvua ilikuwa imekatika, nyasi nyeupe kwa ukungu. Kidiga alikuja, akaona mahema mawili na akasalimu kwa heshima, "Mlilala salama, kila mtu kwake?" Mama akajibu upesi, "Salama kabisa, baba." Nikakunja turubai bila kuinua macho.

Mwanamke mmoja aliuza chai langoni mwa bustani. Mama akanywa, akashika kamba, tukapanda. Kilima kile kwenu ni kidogo. Tulikipanda kwa saa nzima, maana sikutaka aheme. Mlangoni mwa hospitali, hatua tatu kutoka kwa nesi mwenye orodha, mama akakohoa.

Nesi akainua kichwa. "Huyu anakohoa?"

Mama akavuta leso, akapangusa mdomo. "Nimepaliwa na pumzi, mwanangu. Huyu mkwe amenipandisha mlima kama mzigo wa kuni." Nesi akamtazama, akamsikiliza kifua, akamsikiliza tena mgongoni, mimi nikiwa nimeshika baiskeli isiyohitaji kushikwa. Kisha akamshika mkono, kamba ikaanguka, wakaingia ndani.

Nilikaa nje mpaka saa nane, ndipo waliponiambia imekwisha na hakuna linalojulikana mpaka bandeji itolewe.

Jumamosi

Bandeji ilitolewa asubuhi. Mimi nilikuwa koridoni, nyuma ya mlango, maana kama jicho lingefunguka sikutaka la kwanza kuona liwe sura ambayo hakuruhusiwa kuiona. Nilisikia mkasi. Nikafumba macho yangu mwenyewe.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?" nesi akauliza.

"Vitatu," mama akasema. "Na kucha umepaka rangi."

Wagonjwa wote wa wodi wakapiga vigelegele. Mimi niliegemea ukuta wa koridoni, nikalia, mtu mzima, mbele ya wafagizi wawili. Wala sioni aibu kuliandika.

"Mkwe wangu yuko wapi?" nikasikia.

"Yuko nyuma ya mlango, mama. Anaogopa kuingia."

"Mwambieni aingie."

Niliingia, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, macho yakiwa kwenye viatu vyangu vyenye matope ya Mutuini. Nilingoja avute leso ajifunike uso, kama ilivyo desturi. Leso haikuvutwa.

"Vua kofia."

Nikavua. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa lile jicho jekundu lenye machozi, kama mtu anayesoma barua polepole.

"Kumbe una mvi!" akasema. "Nafula aliniambia ameolewa na kijana."

"Jumatano nilikuwa kijana, mama," nikamjibu.